Mama wa Kanda

Mratibu wetu, Venant, amenipa kazi ya kuandika nusu ukurasa. Mwakani, mwaka elfu mbili, kozi zetu za ushauri nasaha zitaacha kwenda kwa posta, zitaanza kupita kwenye kompyuta, na chuo kinataka kila mwalimu awe na maelezo mafupi yatakayosomwa na mtu yeyote, hata aliyeko Ulaya. Ya kwangu niliyaandika dakika kumi. Ya Odeta hakuna aliyetaka kuyagusa, na yeye mwenyewe alipoulizwa akasema, "Aandike mwarimu Hereni, ndiye anayenijua." L zote kwake ni r, na mimi Hellen kwake ni hereni. Nikakubali kwa mdomo. Rohoni nikasema, huyu mama hata sifa zake anataka nimbebee mimi.

Nusu ukurasa umenishinda. Mtu uliyemwonea wivu miaka minne hatoshi kwenye nusu ukurasa. Kwa hiyo haya si ya chuo. Haya ni yangu, nayaandika nipate kupumua, kisha nitakaa niandike hayo mengine ya adabu.

Mimi ni mtu wa Magu, na kwa vyeti sina aibu: shahada ya ualimu nilisomea Dar es Salaam, stashahada ya ushauri nasaha nikaichukulia Nairobi. Ndimi niliyeandika masomo yote kumi na mawili ya kozi yetu ya Ushauri Nasaha na Kuacha Ulevi, nikayachapa kwenye stensili mpaka vidole vikawa vyeusi. Chuo kikuu chenyewe kiko mbali. Hapa Mwanza tulikuwa tawi tu, vyumba vitatu ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Anil. Wanafunzi hatukuwaona. Walikuwa Geita, Sengerema, Musoma, visiwani, na wengine hapa hapa mjini: wauguzi, makatekista, wake za walevi, na walevi wenyewe waliotaka kujiokoa kwa kisingizio cha kusoma. Tuliwapelekea masomo kwa posta, wakaturudishia mazoezi kwa posta.

Na kwa kuwa Mwanza kila mtu ni shemeji wa mtu, tulikuwa na utaratibu mkali. Mwanafunzi ni namba. Majina yalikuwa kwenye daftari moja, na Zeenat, karani wetu, alilifungia kwenye kabati la chuma na ufunguo akauvaa shingoni. Tena zoezi likifika, Zeenat alilipiga chapa upya kabla ya kuniletea, ili hata mwandiko nisiutambue. Binti yule amepiga chapa maungamo ya watu wa ziwa zima na sijawahi kumsikia akitoa neno.

Wale ambao kalamu iliwapa shida, au wenye mambo yasiyoandikika, waliruhusiwa kusema kwenye kanda ya kaseti. Kanda zote zilikwenda kwa Odeta.

Sasa huyo Odeta. Alizaliwa Ukerewe, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa akaletwa Mwanza, akaachwa. Miaka kumi na mmoja alipika gongo Mabatini, na miaka tisa kati ya hiyo aliinywa mwenyewe. Haya hayafichi, anayasema kama unavyosema wewe ulikosomea. Siku moja akaonja mtungi mpya ili ajue kama umeiva, akaonja tena, akaonja tena, na alipozinduka jiko lilikuwa limeungua pamoja na paa la jirani. Jirani hakumpiga. Alimwambia tu, "Odeta, mimi sasa nilale wapi?" Anasema swali hilo ndilo lililomwachisha.

Alichofanya baadaye ndicho kilichomfanya ajulikane. Hakuhama. Aliweka benchi lile lile mahali pale pale, akachukua vikopo vile vile vya bati, akaanza kuuza uji wa mtama. Wateja wake wakaja kwa mazoea ya miguu, saa ile ile, wakakaa, wakapewa uji. Wengine walitukana wakaondoka. Wengine walikunywa. Mapadri wakasikia, kisha Venant akasikia, na mwaka tisini na tano, tulipofungua tawi, akamleta ofisini kwangu akiwa amevaa kanga mbili na sandali za matairi. Akaniambia huyu atafundisha sehemu ya pili ya kozi.

Alikuwa amenizidi miaka kumi na zaidi. Kwa desturi zetu nilipaswa kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Sikumwamkia. Nilisema, "Habari za asubuhi, Odeta," kwa sababu mimi ndiye mkuu wa kozi, na yeye akaitika, "Nzuri, mwarimu," bila kununa. Angenuna ningepumzika.

Ningejua mapema kitakachokuja ningemzuia mlangoni. Wanafunzi wakampenda kama mama yao. Gunia la posta likifunguliwa, kwangu zinakuja karatasi, kwake zinakuja kanda, na pamoja na kanda zinakuja karanga, dagaa waliofungwa kwenye gazeti, mchele, mara moja hata kuku mzima kupitia kwa dereva wa basi. Mtu akitoka kijijini akapanda ngazi zetu akihema, mimi nimekaa hapo mbele na miwani yangu, ananiangalia kana kwamba mimi ni kabati, anauliza, "Yule mama wa kanda yupo?"

Nilijaribu na mimi. Nilirekodi kanda ya saa nzima, pande zote mbili, kuhusu hatua za mlevi kukubali hali yake. Nikaituma kwa wanafunzi watano. Mmoja akairudisha akiwa amerekodi juu ya mihadhara yangu, anamweleza Odeta habari za mkewe. Hata kunifuta hakunifuta vizuri. Katikati ya maneno yake unanisikia nikisema "hatua ya tatu".

Roho iliniuma, sisemi uongo. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa ofisini, kilikuwa nyumbani kwangu, Mkolani. Mume wangu Luhaga alikuwa mlevi.

Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha nguo, mtu wa kalamu sikioni na shati lililonyooshwa. Kiwanda kilipouzwa na watu kupunguzwa, akarudi nyumbani na barua moja na saa ya ukutani waliyompa. Baadaye akapata kazi Mwaloni, Kirumba, ya kupima sangara wa wakala wa kiwanda cha minofu. Kazi ilikuwa ya heshima. Yeye aliiona aibu. Kila jioni akitoka Mwaloni alipitia Mabatini, na saa mbili usiku alibisha mlango wetu.

Mimi nikawa nimeshachoka kumnusa. Nilihamia chumba cha watoto, kwa Masalu na mdogo wake, na kumfokea nilimfokea kupitia ukutani. Fikiria hali yangu. Mchana namwandikia muuguzi wa Sengerema namna ya kumtoa kaka yake kwenye pombe, na naambiwa ametoka. Jioni mtu wangu mwenyewe anabisha hodi na mimi naanza: umeona watoto wamekula nini, umeona majirani wanavyotucheka, umeona. Miaka mitano. Nilikuwa na haki, hilo simwachii mtu. Lakini nilikuwa mwalimu wa ulevi mwenye mlevi ndani, na mji mzima ulilijua hilo, na nilitaka siku Luhaga atakapoacha kila mtu aseme Hellen ndiye aliyemwachisha.

Mwezi wa kwanza mwaka tisini na saba nilisahihisha mtihani wa nusu kozi. Swali langu la nne lilikuwa hili: eleza jinsi mke anavyoweza kumsaidia mume mlevi. Jibu nililolitaka liko somo la saba, mambo sita, ukiyataja yote unapata alama zote. Mwanafunzi namba 212 hakutaja hata moja. Aliandika kwamba mke wa mlevi aache kumhubiria mumewe, kwa sababu mlevi mahubiri anayajua yote, huyarudia mwenyewe njia nzima akienda kunywa. Akaandika kwamba siku mlevi akisema hajanywa, mke amwamini siku hiyo moja tu, hata kama kesho hatamwamini.

Moto ukaniwaka. Nikaona sauti ya Odeta imejaa kwenye karatasi yangu. Nikampa thelathini na moja kwa mia, na pembeni, kwa wino mwekundu, nikamwuliza: "Je, wewe umewahi kuishi na mlevi?"

Wiki chache baadaye tukawa na kikao. Venant alitwambia kwamba wafadhili wanataka walimu wote wa chuo kikuu wawe na shahada, na kwamba mimi, kama mkuu wa kozi, niandike ripoti kabla ya mwisho wa mwezi wa pili: Odeta abaki au asibaki. Odeta alikuwa pale pale, anakunja kunja pindo la kanga. Hakujitetea. Venant alipomwuliza kama ana la kusema, akasema, "Nina mwanafunzi, 212. Huyu atakuwa mshauri mzuri kuriko sisi wote. Msimwache njiani tu."

Thelathini na moja kwa mia, huyo huyo. Niliandika ripoti yangu jioni ile ile, ukurasa mzima, nikasema Odeta ana moyo mzuri lakini hana elimu, anawapotosha wanafunzi, mkataba wake usirudiwe. Nikaiweka kwenye droo. Nilitaka ushahidi kidogo wa kuiambatanisha, na ushahidi nilijua uko wapi.

Kanuni ilikuwa wazi: mwalimu wa maandishi hasikilizi kanda, mwalimu wa kanda hasomi maandishi. Mimi ndiye niliyeitunga. Siku ya Alhamisi, Odeta amekwenda Mabatini kwenye uji wake na Zeenat amekwenda kula, nikaingia kwenye chumba cha Odeta, nikatafuta kwenye boksi la viatu anamowekea kanda zake, nikaikuta 212. Nikaitia kwenye redio kaseti, nikapunguza sauti, nikaweka sikio.

"Mwalimu Odeta, shikamoo. Leo Jumatatu ni siku ya sitini na moja."

Ilikuwa sauti ya Luhaga.

Sikuizima. Ningekuwa mwanamke mwema ningeizima. Nyuma yake nilisikia watu wa Mwaloni wakipiga kelele za mzani, na yeye akiongea taratibu, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu kiwandani.

"Saa yangu ya kunywa nakuja kwako kwenye benchi, kama ulivyonifundisha. Nakunywa uji, nabaki mpaka saa ya kurudi, narudi. Majirani wanamwambia mama Masalu wameniona Mabatini, na ni kweli. Anadhani bado. Siku ya saba, ilikuwa Krismasi, nilimwambia leo sijanywa. Akasema basi na yeye ni malaika. Watoto wakacheka. Sikumlaumu, nimemwambia hivyo mara ngapi nikiwa nimelewa. Lakini nilitoka nje nikasimama kwenye kibanda cha mkaa, na usiku ule nusura nirudi Mabatini kule kwingine."

Kisha akacheka.

"Mwalimu wa maandishi amenipa thelathini na moja. Ameniuliza kama nimewahi kuishi na mlevi. Nilitaka nimwandikie, mwalimu, naishi naye ndani ya shati hili. Unajua niliingia kozi hii kwa ajili yake? Nilitaka anifundishe bila kujua ni mimi. Nyumbani ananifokea, na anafokea vizuri, lakini masomo yake nimeyasoma yote na hakuna mahali anapofoka. Ni mtu mpole sana kwenye karatasi. Swali langu ni moja. Nimwambie lini? Naogopa nikimwambia ataweka alama. Na nikianguka ataifuta mbele ya watoto."

Hapo maneno yake yakaisha, na kanda ikaendelea kuzunguka, na chini yake ikatokea kwaya. Ilikuwa kanda yangu ya Pasaka ya mwaka themanini na tano, niliyoitafuta wiki mbili nzima nikamsingizia binti wa jirani. Nilijisikia mwenyewe nikiimba sauti ya kwanza, msichana hajui lolote.

Sasa nitasema nilichokihisi, hata kama hakinipambi. Sikufurahi. Mtu wangu alikuwa na siku sitini na moja hajanywa, jambo nililoliombea miaka mitano kwa kufunga, na mimi nilihisi kijicho tu. Ingekuwa uzinzi ningejua la kufanya. Odeta ana miaka hamsini na kitu na meno mawili ya mbele hana. Hakunichukulia mume. Alichukua ile sauti. Mimi nimefokea ukuta siku sitini na moja, nafokea mtu mzima mwenye akili zake aliyetoka kunywa uji, na mwanamke wa darasa la saba anaijua siku yake ya saba na ya sitini.

Nikachukua ile kanda. Nikachukua ripoti kwenye droo. Nikaenda kwa Venant nimekaza hatua, nilishapanga maneno: mwalimu huyu anafundisha mume wa mwenzake kwa siri, anakaa naye jioni, anamwagiza amfiche mkewe. Hayo yangetosha. Odeta asingemaliza wiki.

Venant alikuwa anakula chungwa. Akaniambia nikae. Akaiona kanda mkononi mwangu.

"Hiyo ni ya nani?"

Hapo ndipo nikaona nilichobeba. Ili nimwangushe Odeta ilibidi kanda ile iingie kwenye redio ya Venant. Venant asikie kibanda cha mkaa. Asikie nilivyojiita malaika. Kesho Luhaga asingekuwa 212, angekuwa mume wa Hellen, yule mlevi, na kwa kumjua mtu wangu, saa yake ya kunywa ingemkuta benchi lingine.

"Ya kwaya," nikasema. "Ya Pasaka."

"Na ripoti?"

"Haijaisha."

Sikufanya hivyo kwa ajili ya Odeta. Aliyeniangalia vizuri siku ile angeona nilikuwa na hasira tu. Nilikwenda msalani nikaichana ripoti vipande vipande, na nyingine niliyoiandika baadaye ilikuwa ya mistari mitatu: mwalimu huyu abaki, hakuna wa kushika nafasi yake, shahada yangu haitoshi kufanya kazi yake. Huo mstari wa tatu niliufuta mara mbili kabla sijauacha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Odeta anafagia chumba chake. Nikaweka kanda juu ya meza.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kama mtu aliyekuwa akiipokea kila siku. Akaiangalia kanda. "Umesikiriza."

"Nimesikiliza."

Akaegemeza fagio ukutani, akakaa. Nilitegemea anikumbushe kanuni. Hakunikumbusha. "Basi umejitwisha mzigo," akasema. "Siri ni yake. Huwezi kumwambia umejua mpaka aseme mwenyewe."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nimemjibu amwambie mkewe siku atakayoona hamwogopi."

"Kwa hiyo mimi nikae namfokea mtu ninayejua hajanywa?"

"Ukiacha ghafra atashtuka. Punguza kidogo kidogo." Akafikiri. "Kama wao wanavyopunguza. Inauma mwanzoni."

Nilitamani kumzaba kibao. Nilikwenda kwenye meza yangu nikapiga mstari kwenye shajara yangu chini ya tarehe ya Jumatatu ile, nikaandika 61, nikaanza kuhesabu.

Nimefanya kazi nyingi ngumu, nimezaa mara mbili, nimesoma Nairobi na mtoto mgongoni, lakini sijawahi kufanya kazi kama ile. Saa mbili anabisha. Mimi chumbani kwa watoto nafungua mdomo kufoka na maneno hayapo, kwa sababu maneno yalikuwa yanatoka kwenye hasira na hasira sasa ilikuwa ya kitu kingine. Nilifoka kwa kuigiza, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mgeni rasmi. Siku ya 70 nilimfokea kuhusu watoto nikaacha majirani. Siku ya 77 nikaacha watoto. Siku ya 84 nilisema tu, "Umekuja," na yeye akasimama nje ya mlango wa chumba, akauliza, "Mama Masalu, unaumwa?"

Nikamwambia kichwa.

Akaniletea maji. Aliyaweka chini mlangoni, akaenda zake. Nilifungua nikakuta kikombe, nikainama kukichukua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikavuta pumzi pale alipokuwa amesimama. Palikuwa na harufu ya samaki na sabuni. Nilikunywa yale maji nikiwa nimekaa sakafuni, Masalu ananiangalia kutoka kitandani.

Na bado nilikuwa naona wivu. Kila kanda ya 212 ilipofika, na zilifika mbili tena, niliona Odeta anafunga mlango wake, na mimi nakaa nje na kalamu yangu nyekundu. Nilijua yeye anasikia siku ya tisini ilikuwaje. Mimi nilikuwa na namba tu kwenye shajara. Marudio ya mtihani wa 212 yalipokuja niliyarudisha kwa Zeenat, nikamwambia ayapeleke kwa msahihishaji wa chuo kikuu, mimi macho yananisumbua. Zeenat akanitazama, akashika ufunguo wake shingoni, akasema, "Sawa, madam." Nilijua kwamba anajua, na kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Aliyapiga chapa majibu ya mume wangu na akaniletea mezani bila kupepesa jicho.

Siku ya Jumatatu ya Pasaka nilikuwa uani napara sato. Watoto walikuwa wamekwenda kwa shangazi yao. Luhaga alitoka ndani amevaa shati limenyooshwa, sijui alilinyoosha saa ngapi, akavuta ndoo akaigeuza akaikalia, mbele yangu, karibu mno. Magamba yalikuwa yanarukia suruali yake na hakuyapangusa.

"Mama Masalu," akasema. "Ninataka kukuambia kitu, na ninakuomba usijibu haraka."

Nikaendelea kupara.

"Nimeacha."

Nilikuwa nimejiandaa siku zote zile. Nilikuwa na maneno ya somo la saba, yote sita, na mengine mazuri kuliko hayo. Yote yalinikimbia. Kitu pekee kilichobaki kilikuwa swali la mwalimu.

"Tangu lini?"

Alinyoosha mgongo pale juu ya ndoo. Nilimwona anameza mate kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Leo ni siku ya mia na nne," akasema.

Ilikuwa ya mia na tatu. Nilikuwa nayo ndani kwenye shajara, nimeihesabu kila siku kwa kalamu, nisingeweza kukosea. Nilimwangalia usoni, nikaweka kisu chini.

"Mia na nne," nikasema.